Siku ya 380

Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, Wanjira alisimama mbele ya mfereji wa ploti yao ya nyumba za kupanga mjini Kitengela, mtungi mtupu mkononi na usingizi bado umemjaa machoni. Aliufungua. Mfereji ulikohoa, ukapuliza hewa, ukanyamaza.

"Hayajakuja!" aliita.

"Umefungua mpaka mwisho?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Mpaka mwisho, Mama."

"Haya, piga msalaba. Halafu ukimbie kisimani kabla foleni haijakuwa refu."

Ukutani mwa jikoni palikuwa na kalenda waliyopewa na duka la dawa za mifugo, yenye picha ya ng'ombe aliyenona kuliko ng'ombe wote wa Kajiado. Siku maji ya mfereji yalipofika, Mama alitia alama ya vema kwenye kisanduku cha tarehe hiyo. Siku yasipofika, alipiga msalaba. Na siku ambayo hakuna aliyekuwa nyumbani, kisanduku kiliachwa wazi. Kwa alama hizo Mama aliwahi kugundua kwamba maji huja kila siku ya tisa, jambo ambalo hata mlinzi wa ploti hakulijua. Kisha ratiba ilivurugwa, naye akaanza upya bila kulalamika.

Wakati mmoja walienda Namanga kumwona shangazi mgonjwa, wakakaa siku mbili. Waliporudi, Wanjira alipiga misalaba miwili ili kalenda ipendeze. Mama alichukua kifutio.

"Ulikuwa hapa siku hizo?"

"Sikuwa."

"Sasa ulijuaje maji hayakuja?"

Wanjira alicheka. Alimwona mama yake kuwa mtu wa kushughulikia vitu vidogo mno.

Mama huyo alishona kola za mashati katika kiwanda cha nguo tangu asubuhi hadi jioni, akarudi na miguu iliyovimba. Ndiyo maana kazi ya maji ilikuwa ya Wanjira. Alibeba mitungi miwili kutoka kisima cha kanisa, akaoga, akanywa chai, akaenda shuleni. Kengele ya kwanza ilipolia, wenzake wakiwa wameamka tu, yeye alikuwa tayari hoi bin taaban.

Mwaka huo Wanjira alikuwa Gredi ya Nane, tena katika klabu ya sayansi ya Mwalimu Munguti. Mwalimu Munguti alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye madoa ya chaki hata kwenye masikio. Siku moja mwezi wa Januari aliingia na katoni ya karatasi, akaitua mezani kwa kishindo.

"Mnajua jua letu lina sayari zinazolizunguka," alisema. "Nyota nyingine pia ziko na sayari zao. Ziko mbali sana, hatuwezi kuziona. Lakini sayari ikipita mbele ya nyota yake, inaziba mwanga kidogo sana. Kuna darubini huko angani inayopima mwanga huo. Tukiuchora kwenye grafu, pale sayari ilipopita tunaona mbonyeo, namna hii."

Alichora ubaoni mstari ulionyooka, kisha ukazama kidogo, ukapanda tena na kuendelea. Taarifa za darubini hiyo, alieleza, huwekwa kwenye mtandao na yeyote anaweza kuzichukua. Yeye alikuwa amechagua nyota moja. Darubini iliitazama kwa vipindi vinne, kila kipindi na fungu lake la karatasi, na kila karatasi ilikuwa na grafu ya siku tatu, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya kutazama.

Kila kikundi cha maonyesho kilitakiwa kuwa na wanafunzi wawili. Wanjira alipangwa na Katoo, mvulana mchangamfu kutoka upande wa Isinya aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote shuleni. Kazi yao ilikuwa kupata jibu la swali moja: sayari hiyo huchukua siku ngapi kuizunguka nyota yake? Jibu hilo wangelipeleka mwezi wa Machi kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti, mjini Kajiado. Vikundi vitatu bora vingesonga mbele.

"Tutaweka alama gani kwenye jedwali?" Katoo aliuliza.

Wanjira alikuwa na jibu. "Vema kama kuna mbonyeo. Msalaba kama tumetazama na hakuna. Kama hatujatazama, tunaacha wazi."

"Umetoa wapi hiyo?"

"Kwa kalenda ya Mama."

Mwalimu Munguti alitikisa kichwa kwa furaha, akasema mama huyo angefaa kuwa mwanasayansi.

Walianza na mafungu mawili makubwa, karatasi mia moja thelathini na mbili. Kila siku baada ya masomo waliketi kwenye maabara, rula mkononi, wakifuata vitone vidogo vyeusi kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Vitone, vitone, vitone. Hakuna kitu. Msalaba. Karatasi nyingine. Wiki ya kwanza Katoo alikuwa akipiga mluzi. Wiki ya pili mluzi ulikwisha. Macho ya Wanjira yaliwasha, shingo ikamuuma, na hata akifumba macho kitandani aliona vitone. Kwa wiki tatu walipata mibonyeo miwili tu: mmoja siku ya 20, mwingine siku ya 740.

"Basi tumemaliza!" Katoo aliruka. "Kutoka 20 mpaka 740 ni siku 720. Inazunguka kwa siku 720!"

"Pole pole," alisema Mwalimu Munguti. "Nikikuona langoni Jumatatu, halafu nikuone tena Jumatatu ya wiki inayofuata, niseme unakuja shule mara moja kwa wiki?"

Katoo alicheka. "La, Mwalimu. Hizo siku zingine hukuwa unatazama."

"Umeona sasa? Pengine hapo katikati ilipita na darubini ilikuwa inatazama kwingine. Bado tuko na mafungu mawili madogo ya katikati, karatasi tisa tisa. Kila mtu aende na lake nyumbani. Na msipige hesabu kwanza. Mkijua ni siku gani mnayoitafuta, macho yatawaonyesha kile mnachotaka. Tazameni zote. Jedwali niwe nalo Jumatatu asubuhi."

Karatasi tisa tu. Wanjira alizitia kwenye begi, akazisahau hadi Jumapili.

Jumapili hiyo maji yakaja. Yalikuja asubuhi na mapema yakinguruma, baada ya siku kumi na mbili, na ploti nzima ikaamka kwa kelele za ndoo. Wanjira alijaza mapipa, mitungi, sufuria, hata beseni la kuogea. Kisha akafua: sare za shule, shuka, aproni za Mama za kiwandani. Akafua mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Saa tisa alasiri alitandaza karatasi zake kwenye meza, akatazama tatu za kwanza, akapiga misalaba yake. Halafu akaweka kichwa kwenye mkono, apumzike dakika moja.

Alipoamka jua lilikuwa linazama, Mama alikuwa akimwita aanze kukanda unga, na mgongo ulimuuma kana kwamba amepigwa. Karatasi sita zilibaki. Alizitazama zikiwa bado zimerundikwa, akahisi uchovu uliomfanya atake kulia. Karatasi zaidi ya mia zilikuwa na mibonyeo miwili tu. Hizi sita zitakuwa na nini? Alichukua kalamu akapiga misalaba kwenye jedwali, visanduku vyote hadi mwisho. Haikumchukua hata dakika moja.

Jumatatu, Mwalimu Munguti alibandika jedwali lote ubaoni.

"Sasa tupige hesabu. Sayari ingekuwa inarudi upesi upesi, tungeiona mara nyingi kwenye mafungu makubwa. Hatukuiona hivyo. Kwa hivyo katika zile siku 720 imezunguka mara moja, mbili au tatu tu: mwaka wake ni siku 720, siku 360, au siku 240. Kama ni 240, baada ya siku ya 20 ingepita tena siku ya 260. Katoo, siku ya 260?"

"Msalaba, Mwalimu."

"Basi 240 si jibu. Kama ni 360, ingepita siku ya 380. Iko kwenye fungu la nani?"

Wanjira aliinamia daftari lake. Katoo alifuata jedwali kwa kidole.

"Fungu la Wanjira. Siku ya 380... msalaba!"

"Basi 360 pia si jibu. Imebaki moja."

"Mia saba na ishirini!" Katoo alipiga meza kwa ngumi zote mbili. "Si nilisema?"

Hapo ndipo Wanjira alipopaswa kufungua mdomo. Aliufungua, lakini Katoo alikuwa akimpiga begani, Mwalimu akitabasamu, na wenzao wakipiga makofi. Akaufunga tena. Akajiambia kwamba huenda msalaba wenyewe ni wa kweli.

Jioni alipofika nyumbani alizitoa zile karatasi sita, akazitazama kwa mara ya kwanza. Tano hazikuwa na mbonyeo. Iliyobaki ilikuwa ya siku ya 379 hadi 381. Vitone vilianza vizuri, vikaenda hadi katikati ya siku ya 379, vikakatika. Siku ya 380 yote ilikuwa nyeupe. Vitone vilirudi siku ya 381. Mwalimu aliwahi kuwaeleza hilo: mara kwa mara darubini huacha kutazama ili itume taarifa zake duniani. Siku hiyo haikuona kitu chochote, wala mbonyeo wala kutokuwa na mbonyeo. Kisanduku cha 380 kilipaswa kuachwa wazi, na siku 360 bado lilikuwa jibu linalowezekana.

Wiki mbili zilizofuata zilimchosha kuliko mitungi yote aliyowahi kubeba. Katoo aliandika bango kubwa, na katikati akachora namba 720 kwa rangi nyekundu na kivuli cha bluu. Alikaa siku tatu kwa namba hiyo pekee. Kila Wanjira alipotaka kusema, alimwona akipuliza rangi ikauke, akaahirisha. Nyumbani alifungua mfereji na kupiga misalaba kwenye kalenda bila kuiangalia.

Siku ya maonyesho, basi la shule liliwafikisha Kajiado saa mbili asubuhi. Ukumbi ulikuwa umejaa mabango, waya na vifaa vya kila aina. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni alimsalimu Katoo kwa Kimaasai, "Supa!" naye akaitikia, "Ipa!" kisha akamwonyesha bango lake kwa majivuno.

"Hii namba kubwa ni ya nini, kijana wangu?" mama huyo aliuliza.

"Ni siku, Mama. Sayari iko mbali sana lakini tumejua mwaka wake. Tumeangalia kila karatasi!"

Kila karatasi. Wanjira alisikia maneno hayo yakimchoma. Alimvuta Katoo kwa mkono hadi alikosimama Mwalimu Munguti, akajikaza kisabuni, akayasema yote: Jumapili ile, karatasi sita, misalaba, na ile nafasi nyeupe.

Katoo alimkodolea macho. "Sasa ndiyo unasema? Leo? Nimeandika hiyo kitu siku tatu, Wanjira! Ungeniambia umechoka ningezitazama mimi!"

"Najua. Pole."

"Pole ya nini? Majaji wanaanza saa nne!"

Mwalimu Munguti hakugomba. Aliketi juu ya katoni, akajipangusa uso kwa leso. Alionekana amechoka pia, na hilo lilimuumiza Wanjira kuliko kiboko.

"Bango ni lenu," alisema hatimaye. "Jibu likibaki vile lilivyo, hakuna jaji atakayejua. Sasa mnataka liseme nini?"

Wanjira alimtazama Katoo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kujibu. Katoo aliitazama namba yake nyekundu. Kisha, shingo upande, akachomoa karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito. Aliibandika juu ya namba yake nzuri, akaandika: *Siku 720 au 360. Bado hatujui. Itatazamwa siku ya 1100.* Gundi ilivuja pembeni. Aliandika kwa hasira, na mwandiko haukuwa ule wake wa kawaida. Wanjira naye alifunika msalaba wa siku ya 380 kwenye jedwali lao kwa kipande cheupe.

Jaji wao alikuwa Bi. Kakenya, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyesoma bango kuanzia juu hadi chini bila kuruka neno.

"Kwa nini siku ya 1100?" aliuliza.

"Kutoka 740 ukiongeza 360 unapata 1100," Katoo alijibu kwa sauti ya chini. "Ikipita siku hiyo, ni 360. Isipopita na darubini inatazama, ni 720. Hiyo siku itafika mwaka huu, Novemba."

"Na hii siku ya 380, kwa nini iko wazi? Ni darubini haikutazama, au ni nyinyi hamkutazama?"

Wanjira alisogea mbele. "Kwanza ni mimi sikutazama, Madam. Nilipiga msalaba wa uongo. Halafu nilipotazama, nikapata hata darubini haikuwa inatazama."

Bi. Kakenya alimwangalia juu ya miwani, akaandika maneno machache, akashukuru, akaenda kwenye bango lililofuata.

Walikuwa wa nne. Waliosonga mbele walikuwa watatu. Baadaye Mwalimu aliwaambia kwamba waliondolewa alama kwa bango lililobandikwabandikwa na hitimisho lisilokamilika. Njiani kurudi, Katoo alitazama nje ya dirisha tangu Kajiado hadi Kitengela. Hakumsemesha Wanjira kwa wiki mbili, naye Wanjira hakumlaumu.

Usiku wa siku ya maonyesho, Wanjira alimkuta Mama amezamisha miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alimsimulia yote, akilia. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Tangu Jumapili ile ya kufua, huitazami kalenda yangu. Mwanangu, kuchoka si kosa. Hata mimi nachoka, na siku hizo naacha wazi. Siku nyingine ukichoka, niambie."

Tangu siku hiyo, Jumapili ambazo maji yalikuja, Mama aliinua miguu yake iliyovimba na kufua shuka mwenyewe, hata Wanjira alipomsihi apumzike.

Mwaka ulizunguka. Wanjira na Katoo waliingia Gredi ya Tisa. Walikuwa wakisemezana tena, lakini maneno ya nyota hawakuyagusa. Alasiri moja ya mwezi wa Machi, Mwalimu Munguti aliwaita maabara, akawapa karatasi tisa.

"Darubini imerudi kwa nyota yenu," alisema. "Sijaziangalia. Nimezichanganya na nimekata tarehe. Tazameni."

Wanjira alikuwa amechoka siku hiyo kama siku nyingine yoyote. Maji hayakuwa yamekuja kwa wiki nzima. Alichukua rula, akaanza karatasi ya kwanza, kitone baada ya kitone, kisha akampa Katoo aitazame pia. Hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kwenye ya sita rula ilisimama. Vitone vilikuwa vinazama, vichache, taratibu, kisha vikapanda tena.

"Katoo," alisema, akiweka kidole pale.

Katoo aliinyakua karatasi. Mwalimu alilinganisha namba ya nyuma ya karatasi na daftari lake, polepole mno, mpaka Katoo akashindwa kuvumilia.

"Ni siku gani, Mwalimu?"

"Elfu moja na mia moja."

Katoo alipiga ukelele uliowaleta wanafunzi wa darasa la jirani mbio dirishani. Siku 360! Alimshika Wanjira mabega, akamtikisa, akacheka, na Wanjira akacheka naye huku machozi yakimdondoka. Kisha Katoo alilileta lile jedwali lao la zamani kutoka kabatini, akampa kalamu.

"Weka wewe."

Wanjira aliongeza kisanduku cha siku ya 1100, akatia alama ya vema.

"Na 380 pia," Katoo alihimiza. "Sasa tunajua ilipita siku hiyo."

Wanjira alikitazama kisanduku hicho kwa muda. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Ilipita," alisema. "Lakini hakuna mtu aliiona." Akaifunga kalamu, akakiacha wazi.

Mwalimu Munguti aliketi kando yao. "Mwaka jana mlipoteza nafasi, na najua iliwauma," alisema. "Lakini fikirieni. Mngeacha 720 pale, leo nisingekuwa na sababu ya kutafuta karatasi za siku ya 1100. Sayari ingepita na sisi tumelala. Mtu akisema 'sijatazama', kazi bado iko na mwenzake anaweza kuimaliza. Akisema 'nimetazama' na hakutazama, amewafunga macho wote watakaokuja nyuma yake. Kumbukeni hilo hasa siku mnapochoka, kwa sababu tukiwa na nguvu sote ni waaminifu."

Kesho yake saa kumi na moja na nusu, Wanjira alisimama mbele ya mfereji akipiga miayo. Aliufungua mpaka mwisho, akangoja. Ulikohoa, ukapuliza hewa, ukanyamaza. Aliingia jikoni, akapiga msalaba wake, akachukua mitungi miwili na kwenda kisimani.